Ngozi ya Boti ya Faiba, na Jinsi Tulivyoitengeneza Mara Mbili

(Maneno yaliyosomwa na wanachama wa karakana ya reli mbele ya mkutano wa tawi, Mombasa. Yamepigwa chapa hapa kwa sababu wengi waliyaomba.)



Kamati imetuomba tueleze habari ya ile boti iliyokuwa nyuma ya nyumba zetu mwaka uliopita. Wengine walituuliza kwa mzaha kama reli sasa inakwenda baharini. Wengine walisema tumekuwa matajiri wa kutembea kwa tanga siku ya Jumapili. Sivyo, ndugu. Boti ile ilikuwa mshahara wa mtu.

Mzee wetu mmoja, aliyestaafu katika genge la njia, alipata kazi ya ulinzi mahali panapowekwa boti za watu, huko penye mkono wa bahari. Miezi 3 hakulipwa. Deni likafika shilingi 45,000. Alipodai sana, mwajiri wake akamwambia hana fedha, lakini iko boti moja ya tanga imelala chini ya mwembe, aichukue yote iwe yake. Mzee akatia sahihi. Alikuwa na mtoto katika kidato cha tatu, na boti kwa macho ni kitu cha fedha nyingi. Ndipo akaja kwetu na karatasi mkononi, akitaka tumsaidie kuitengeneza apate kuiuza. Tukakubali watu 7, tukachanga.

Boti yenyewe ilikuwa na urefu wa karibu futi 16, ya aina iitwayo Wayfarer. Aina hii ilichorwa na Mwingereza, Ian Proctor, mwaka 1957, kwanza kwa plaiwudi, baadaye ikaundwa kwa faiba pia. Ukiona tanga lenye herufi W, ndiyo hiyo. Ya kwetu ilikuwa ya zamani, pengine imetupita umri wengi wetu tuliosimama kuitazama. Ubavuni palikuwa na alama kama jua lenye miale, pale ilipogonga jiwe au gati. Juu ya sitaha, pale penye bamba la chuma linaloshika waya wa mlingoti, palikuwa na nyufa nyembamba zinazokwenda sambamba. Karibu na omo kipande cha ukubwa wa kiganja kilikuwa kimebanduka, na nyuzi za kioo zaonekana. Tena weupe wake wote ulikuwa kama chokaa. Ukipitisha mkono, unga unabaki vidoleni.

Sasa, ndugu, kabla ya kwenda mbele yatupasa tueleze kitu hiki ni nini, maana sisi wenyewe hatukujua, na kutokujua kwetu kulitugharimu.

Faiba ni nyuzi za kioo zilizotandazwa kama mkeka, zikaloweshwa resini, yaani majimaji mazito ambayo yakitiwa dawa hugeuka kuwa magumu. Waundaji huanza na kalibu. Watu wa karakana ya kuyeyusha chuma wanajua kalibu, hatuna haja ya kuwafundisha. Ndani ya kalibu hupakwa kwanza tabaka moja ya resini yenye rangi, isiyo na nyuzi hata moja. Hiyo ndiyo jelikoti. Halafu nyuma yake huja mikeka ya nyuzi na resini, tabaka juu ya tabaka. Ikishakuwa ngumu, boti hutolewa katika kalibu, na kile kilichopakwa kwanza ndicho kinachokuwa nje. Kwa hiyo jelikoti si rangi iliyopakwa juu ya boti. Ni boti ndiyo iliyopakwa juu ya jelikoti.

Unene wake ni kama nusu milimita, yaani karatasi 5 hivi za daftari zikiwekwa pamoja. Kazi yake ni kuzuia jua na maji, na kupendeza. Nguvu ya kubeba haina. Ni ngumu, lakini kwa kuwa haina nyuzi, kilicho chini yake kikipinda, yenyewe hupasuka.

Wazee wa pwani wanajua mambo ya jahazi: pamba ya kalafati katika maungo, sifa ya papa juu ya mbao, na deheni ya chokaa na mafuta ya mnyama sehemu inayokaa majini. Vitu hivyo hupakwa tena kila baada ya muda, na ubao husamehe. Fundi mmoja wa mashua alipopita akaiona boti yetu alicheka sana, akasema, "Hii mtaitia pamba wapi?" Hatukuwa na jibu.

Basi mara ya kwanza tulifanya hivi. Tulinunua kopo la jelikoti nyeupe, tukapangusa nyufa kwa kitambaa, tukachanganya dawa kwa kukadiria kwa macho, tukapaka. Siku ya pili ilikuwa bado inanata kama asali. Siku ya tatu vivyo hivyo, na mavumbi na nzi wamegandia. Tukangoja zaidi ya wiki, tukaikwangua ile ya juu, tukapiga msasa, ikang'aa, tukajisifu. Akaja mnunuzi, mwalimu wa shule, mtu mpole. Akasema bei si mbaya, ila angependa kuijaribu majini. Tukasimamisha mlingoti. Kusi ikashika tanga, na hatujafika mbali tukasikia tiki, tiki, pale kwenye bamba la chuma. Nyufa zilirudi mahali pale pale, mistari ile ile. Mwalimu hakututukana. Alisema tu, "Mlitaka kuniuzia rangi," akavaa viatu vyake, akaenda zake.

Shilingi 9,400 za mchango zilikuwa zimekwisha. Mzee alikuwa amekaa ukingoni akitazama, na hatukuweza kumwangalia usoni.

Aliyetuaibisha ni mwenzetu mkaguzi wa mabehewa, ambaye hakuwa mmoja wa wale 7. Alituuliza: "Gurudumu likiwa na ufa, ninyi mnalipaka rangi?" Akachukua bisibisi, akaishika upande wa chuma, akaanza kugonga sitaha kwa mpini polepole, kama wazee walivyokuwa wakigonga magurudumu kwa nyundo stesheni, wakisikiliza. Mahali pazima palilia ko, ko, sauti kavu. Alipokaribia lile bamba sauti ikageuka, ikawa bu, bu. Tukaingiza mkono chini ya sitaha. Kumbe kipande cha ubao kilichowekwa ndani ili kushika skrubu kilikuwa kimeoza, ukikibonyeza kinatoa maji. Kila upepo ulipovuta waya, sitaha ilinyanyuka na kushuka. Jelikoti ilikuwa ikituambia habari hiyo tangu siku ya kwanza, nasi tukaiziba mdomo.

Tangu hapo tulijifunza kusoma nyufa kabla ya kugusa kopo. Ufa wa nyota, wenye miale kutoka mahali pamoja, ni pigo; yatakiwa ugonge kuzunguka hapo ujue kama faiba ya chini imevunjika au ni ngozi tu. Nyufa zinazokwenda sambamba ni kupinda. Kuna kitu kinacheza, au pamedhoofika. Nyufa zinazozunguka skrubu ni skrubu iliyokazwa kupita kiasi au iliyolegea. Na ule utando mdogo mdogo kama wa buibui, ulioenea mahali papana na chini yake ni pazima, mara nyingi ni uzee na jua, au jelikoti ilipakwa nene mno tangu mwanzo. Huo waweza kukaa nao miaka. Kuna pia malengelenge, katika boti zinazolala majini siku zote. Ukitoboa hutoka maji yenye harufu kali kama siki. Hayo yafunguliwe, yaoshwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi tena na tena, na yaachwe yakauke kwa majuma mengi kabla ya kuzibwa. Boti yetu haikuwa nayo, kwa hiyo hatutasema zaidi.

Mara ya pili tulianza na ubao. Tulitoa ule uliooza wote, tukaweka wa mti mgumu uliokauka vizuri, tukaulowesha resini pande zote na hata ndani ya matundu ya skrubu, tukaongeza mikeka ya nyuzi chini yake ipite mipaka ya ule wa zamani. Kwenye omo tulikwangua mpaka tukafika faiba nzima. Hapo kuna kipimo cha kukumbuka: kwa kila milimita 1 ya unene wa faiba, mteremko wa kukwangua uwe milimita 12 kuelekea nje. Ukikata wima kama shimo la nguzo, kiraka kitashika ukingoni tu na kitatoka. Tukatandaza mkeka mdogo kwanza, kisha mkubwa zaidi, tukisukuma hewa nje kwa brashi, maana povu la hewa lililobaki ndani ni ufa wa kesho.

Ndipo tukaja kwenye ngozi. Wengi huanza na msasa. Ni kosa, nasi tulilifanya. Boti ya zamani imepakwa nta mara nyingi, na msasa huisukuma nta ndani ya mikwaruzo, hata jelikoti mpya isipate pa kushika. Osha kwa sabuni na maji, acha ikauke, halafu pangusa kwa asitoni ukitumia vitambaa viwili: kimoja cha kulowesha, na kingine kikavu cha kuondoa papo hapo. Kitambaa kikichafuka, tupa. Baada ya hapo ndipo ufungue ufa. Ufa mwembamba haujazwi ukiwa mwembamba. Jelikoti ni nzito, haiingii. Sisi tulichukua kifungulia kopo cha zamani, tukakinoa ncha, tukavuta kufuata ufa mpaka ukawa mfereji wenye umbo la V, halafu tukapitisha msasa namba 80 kingoni. Moyo hukataa kuupanua ufa mdogo uwe jeraha kubwa, lakini hapana budi.

Mtu wa duka alitaka kutuuzia epoksi ya kujazia. Epoksi hushika sana, hatukatai, lakini jelikoti ya polyesta haishiki vizuri juu yake. Kama boti ni ya polyesta na juu utatia jelikoti, jaza kwa polyesta.

Habari ya rangi ilitusumbua kuliko tulivyodhani. Nyeupe ya boti ya zamani si nyeupe. Mara ya kwanza viraka vyetu vilionekana kama meno mapya kinywani mwa mzee. Safari hii tuling'arisha kwanza sehemu ndogo ya boti karibu na ufa, tuone rangi yake ya kweli chini ya ule unga. Halafu tukatia rangi ya manjano na ya kahawia katika jelikoti kwa ncha ya njiti ya kiberiti, tone kwa tone, tukapaka alama ndogo juu ya utepe, tukaiacha iwe ngumu ndipo tukalinganisha. Tulichanganya mara 6. Mwenzetu mmoja alisema hata kupatana mshahara hakuchukui muda mrefu namna hii. Tukamwambia kunachukua.

Dawa ya kugandisha, ambayo mafundi huiita hadina, ni sehemu 1 mpaka 2 kwa 100. Yaani gramu 100 za jelikoti hutaka gramu 1 mpaka 2 tu. Macho hayawezi kukadiria hivyo. Tulinunua bomba la sindano duka la dawa, lile lisilo na sindano, likawa kipimo chetu. Ukizidisha ili ikauke upesi, utapata ngozi inayovunjika na kugeuka rangi, na kopo litachemka mkononi mwako. Ukitia chini ya 1 kwa 100 kwa sababu ya joto la Mombasa, huenda isiive kabisa. Kwa hiyo joto tulilishinda kwa saa na si kwa hadina: tulifanya kazi wakati wa kaskazi, siku kavu, tukaanza saa 12 na nusu asubuhi, na tukachanganya kidogo kidogo, kiasi cha kikombe cha kahawa.

Na ile kunata kwa mara ya kwanza kulitokana na nini? Ni hewa. Jelikoti ya kawaida huiva vizuri ikifunikwa. Katika kalibu imebanwa upande huu na kalibu na upande huu na faiba. Uso ulioachwa wazi hubaki unanata. Ziko jelikoti zilizotiwa nta maalum, ambayo hupanda juu na kufunika uso wakati wa kuiva. Ukitumia hiyo kisha ukataka kupaka tena juu yake, yakupasa uikwangue kwanza. Sisi tulikuwa na ile ya kawaida, tukaifunika kwa plastiki ngumu ya kufunikia vitabu vya shule, tukaibana kingoni kwa utepe. Tulijaza kupita usawa kidogo kwa sababu hunywea ikiiva. Kesho yake tukabandua plastiki, na chini yake ilikuwa ngumu kama sahani.

Kazi ya msasa haina hadithi, ina mikono tu. Msasa wa maji, uliozungushwa juu ya kipande cha ubao ulionyooka, kamwe usisukume kwa vidole kwa sababu vidole huchimba. Namba 220, 320, 400, 600, 1000, halafu dawa ya kung'arisha. Kumbuka ni nusu milimita tu. Ukiona rangi inaanza kufifia na nyuzi kuonekana, umekwisha pita.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo hatukupenda kulisema, lakini Katibu alisema lisemwe.

Asubuhi ya mwisho mwenzetu mmoja alikuwa akivuta hadina kwa lile bomba. Kizibo cha chupa kilikuwa kimekaza. Kilipoachia, tone likaruka jichoni. Hatukuwa na miwani ya kazi. Ilikuwa karakanani, kwenye masanduku yetu, mita mia chache kutoka hapo, kwa sababu hii haikuwa kazi ya reli. Hadina huunguza jicho vibaya sana, na huendelea kuunguza. Tulimlaza chini, tukamfungua kope kwa nguvu, tukamwagia maji ya kunywa, halafu mtungi wa jirani, halafu maji ya bomba, kwa muda unaopita dakika 15, yeye akilia. Kisha hospitali. Daktari alisema maji yale ndiyo yaliyoliokoa jicho. Anaona, tunashukuru. Lakini jicho hilo huona kama mtu anayetazama kupitia kioo chenye mvuke, na kazi yake ni ya kusoma vipimo vidogo.

Wako hapa ndugu wanaofanya vibarua vya Jumamosi kwenye boti za watu. Twawaambia: miwani iliyofunika pande zote kabla ya kufungua chupa, na glavu. Barakoa ya vumbi huzuia vumbi la faiba, lakini haizuii ule mvuke wa resini unaoleta kizunguzungu. Huo wataka barakoa yenye kichungi cha mkaa, na mahali pa wazi. Vumbi likikuingia mwilini, oga maji baridi kwanza, maana maji ya moto na kujisugua huzidisha mwasho. Vitambaa vyenye hadina visirundikwe pembeni, vyaweza kuwaka vyenyewe, vitieni majini. Na mkiona dawa ya pili ya kuharakisha, ile ya kobalti, isikutane na hadina peke yake hata kidogo, hulipuka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Kama umeitwa kukwangua boti na hukupewa, uliza kwanza ndipo uvue shati.

Yule mwalimu tulimwita tena. Hakutaka kuja. Mzee mwenyewe alimwendea nyumbani kwake. Alipokuja hakutazama rangi hata kidogo. Alitoa ufunguo mfukoni, akageuza, akaanza kugonga sitaha kwa kichwa chake, ko, ko, mpaka akaizunguka boti yote. Hatujui nani alimfundisha. Halafu tukaenda majini katika upepo wa mchana, akavuta tanga likakaza kabisa, akainamisha sikio karibu na lile bamba. Hakukuwa na sauti.

Alilipa shilingi 52,000. Gharama zetu kwa mara zote mbili zilikuwa 17,000, Mzee akapata 35,000. Kwa hesabu hiyo mshahara wake umepungua 10,000, na siku zetu za kazi hatukuzihesabu, wala jicho. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema mshahara ulipwe kwa fedha za Kenya. Hakuna mahali inaposema boti. Karatasi ile aliyotia sahihi angetuonyesha siku moja kabla, tusingejua leo habari za jelikoti. Katibu ameiandikia barua ofisi ya kazi kuhusu hizo 10,000.

Vifaa vilivyobaki vimewekwa katika ofisi ya tawi: miwani 2 iliyofunika pande zote, iliyonunuliwa baada ya ajali, barakoa 1 yenye kichungi, bomba la kupimia, na msasa wa namba zote. Mwanachama anayehitaji aje jioni baada ya saa 11, atie jina lake katika daftari, na avirudishe.